Kiingereza cha jikoni: wifi anakuja Krismasi na mama hajui Kiingereza

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Machame, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Kaka yangu anaishi Uingereza, Krismasi hii anakuja nyumbani na mchumba wake, ni mzungu na ndo mara yake ya kwanza kufika. Mama ameshasema wifi lazima aingie jikoni tupike wote, ila mama Kiingereza hajui kabisa kwahiyo mkalimani ni mimi. Nikisoma Kiingereza naelewa na shule sikufanya vibaya, lakini nikifikiria kumwambia mtu 'epua hiyo sufuria' au 'onja chumvi' ulimi unakuwa mzito. Nianzie wapi? Na kuna maneno yetu ambayo nikiyapeleka Kiingereza moja kwa moja yanaharibika?"

Marahaba dada, na hongereni sana kwa ugeni. Mimi nafundisha Kiingereza hapa Moshi mjini na wanafunzi wangu wengi ni wapishi wa mlimani na wadada wa hotelini, hili lako nakutana nalo kila nikipokea darasa jipya. Mtu ana cheti, barua ya kuomba kazi anaandika vizuri tu, mwambie amwelekeze mgeni kumenya ndizi anakwama palepale, kwa sababu darasani tulikaririshwa tensi na kujaza nafasi zilizo wazi, sufuria hakuna mwalimu aliyeligusa. Kwahiyo usijione hujui. Maneno ya jikoni ni machache, yanajirudia kila siku, na mengi unayajua tayari ila hujawahi kuyatamka ukiwa umeshika mwiko.

Anza na hili neno letu "pika". Sisi tunapika kila kitu, tunapika wali, tunapika chai, tunapika uji, na wengi wakihamia Kiingereza wanasema "I am cooking tea". Hapo mwingereza anaweza kudhani unaandaa chakula cha jioni, maana kwao hasa watu wa kaskazini "tea" ni jina la mlo wa jioni. Chai, juisi, kachumbari, hivi vyote ni "make": "I'm making tea", "Let's make the salad". Ukiwa na wasiwasi tumia "make" kwa chakula chochote, hata wali, "I'm making the rice", hutakosea. Alafu kuna "cooker", hili naliomba kabisa, cooker ni jiko. Ukimsifia mama kwa kusema "my mother is a good cooker" umesema mama ni jiko zuri. Mtu anayepika ni "a cook", kwahiyo ni "my mum's a really good cook".

Jingine ni "imeiva". Ndizi mbivu ni "ripe", sawa, ila nyama haiwi "ripe" hata siku moja, wali pia hauwi "ripe". Chakula kilichoiva kwa moto ni "done" au "cooked", unauliza "Is the meat done?" na unajibiwa "Not yet, give it ten minutes". Nyama laini ni "tender", nyama ngumu ni "tough", usiseme "hard", hiyo iache kwa mawe na mkate wa juzi. Na chakula kikiwa tayari ni "ready", narudia tena "ready", kwa sababu nikizunguka hapa mjini na Arusha pia nasikia sana "food is already" mpaka kwenye hoteli zenye hadhi. "Already" maana yake kitu kimeshafanyika, kama "I've already eaten", nimeshakula. Unaweza kumuita mgeni mezani ukamwacha anasubiri umalizie sentensi.

Sasa moto wenyewe. Kubandika ni "put on": "Could you put the water on?" Kuepua ni "take it off the heat", na hili neno "heat" ni zuri kwa sababu linafaa kwa gesi, kwa mkaa na kwa kuni, lote moja. Kwenye gesi kuna "turn it up" kuongeza, "turn it down" kupunguza, "turn it off" kuzima, lakini najua nyumbani Machame siku ya sikukuu masufuria makubwa yanaenda kwenye mafiga, na kuni huwezi kuzi-"turn down", pale sema "Could you pull out a bit of wood?" au kama moto umelegea "It needs more wood". Imeungua ni "it's burnt". Imeshika chini ni "it's stuck to the bottom", na waingereza wengi wanasema tu "it's caught", usishangae ukisikia.

Lakini dada, hata ukikariri vitenzi vyote hivyo, kitu kitakachoamua kama wifi atajisikia yuko nyumbani ni namna unavyomwomba. Sisi jikoni tunaambiana "nipe kisu", "lete maji", "koroga hiyo", na hakuna anayekasirika kwa sababu sauti na undugu vinalainisha. Kiingereza hakina huo undugu ndani ya neno, hakuna "dada", hakuna "wifi yangu", hakuna "mwanangu" wa kuweka mwishoni, kwahiyo ukisema "Give me the knife" inabaki amri tupu. Adabu yao wameiweka kwenye kuuliza: "Could you pass me the knife, please?", "Can you stir this for me?" Ukishika hii "could you" moja na "please" yake utatumia kutwa nzima, kuanzia vitunguu mpaka kufuta meza. Ipo pia "Would you mind stirring this?", nzuri sana ila ina mtego kwenye jibu, maana akikubali atasema "No, not at all", sasa wewe ukisikia "no" usidhani amekataa ukamnyang'anya mwiko, hapo amekubali kwa moyo wote.

Na yeye atauliza, nakuhakikishia, atasimama mlangoni mwa jiko na kusema "Can I give you a hand?" au "Is there anything I can do?" Maana yake naomba nisaidie. Najua heshima yetu, mgeni siku ya kwanza anaambiwa kaa pumzika, na mama atakuambia mwambie akakae sebuleni. Mimi nakushauri umwombee kwa mama apewe kazi saa hiyohiyo, maana amekuja kujiunga na familia, na mtu aliyekaa peke yake sebuleni anasikiliza watu wakicheka jikoni kwa lugha asiyoijua anaumia kimoyomoyo. Jibu "Yes please! Could you peel the carrots?" Umemaliza. Akishaanza mwambie maneno ya tahadhari, na hapa waingereza wana neno "mind" wanalitumia kama sisi tunavyosema angalia: "Mind your fingers", "Mind the step", na kwa sufuria "Careful, that's hot".

Kata nayo ina majina mengi kidogo. "Cut" ni kukata kwa jumla, "chop" kukatakata vipande kama vitunguu vya kuunga, "slice" ni slesi nyembamba kama nyanya za kachumbari, "grate" ni kukwaruza karoti, "peel" kumenya, "crush" kuponda vitunguu swaumu. Hizo zinatosha, mengine achana nayo.

Nikuonyeshe kwa mtori maana najua hamtaukosa, na wifi ndo atakaokuwa anauulizia. Anza na mshare na mikono, utomvu unaganda kwenye vidole na kuvifanya vyeusi, kwahiyo kabla hajashika kisu mwambie "The sap stains your hands, so put some oil on first", mpe mafuta apake, kisha "Peel them and put them in the water". Huku nyama ya mfupa inachemka, "We boil the beef on the bone till it's tender". Nyama ikilainika, "Now we add the bananas". Ndizi zikiiva unatoa nyama na mifupa, "Take the meat out", na hapo ndo mwiko unaingia, "Now mash the bananas". Kuponda ndizi au viazi vilivyoiva ni "mash". Kisha "Keep stirring or it'll stick". Ukiwa mzito sana, "It's too thick, add some stock", mwepesi sana ni "too thin". Mwisho unachota kidogo kwenye kijiko unampa, "Have a taste. Does it need more salt?" Akikuambia "It could do with a bit more" anataka uongeze. Ameongea kwa kuzunguka hivyo kwa sababu kwao kukosoa chakula cha mtu kunafungwa ndani ya "a bit" kila mara. Na wewe fanya hivyohivyo, usimwambie "there is too much salt", sema "it's a bit salty".

Nimetaja "stock", ni ile supu uliyochemshia nyama. Sisi mchuzi ni mchuzi, wao wanagawa: mchuzi wa nyanya na vitunguu ni "sauce", nyama ikiwa ndani yake pamoja na viazi inaitwa "stew", na "gravy" ni ule mchuzi wa kahawia unaotokana na maji ya nyama iliyookwa, wanaumwagia juu ya viazi. Kuunga hakuna neno moja, eleza tu: "I fry the onions and tomatoes, then I add the meat."

Majina ya vitu sokoni nayo yatakusumbua kidogo kwa sababu Kiingereza chetu cha Tanzania kina vyake. Viazi mviringo hapa tunaita "Irish potatoes", Uingereza ni "potatoes" basi. Karanga tulifundishwa "groundnuts", yeye atasema "peanuts", na hili ulijue mapema kwa sababu kuna watu karanga zinawadhuru vibaya sana mpaka kukimbizwa hospitali. Kabla hata hawajapanda ndege mwambie kaka amuulize, au muulize mwenyewe kwa meseji: "Is there anything you don't eat? Are you allergic to anything?" Usisubiri siku yenyewe. "Pepper" inachanganya, hoho ni "pepper", pilipili manga ni "black pepper", ile kali ni "chilli". Na "hot" inaweza kuwa moto wa jikoni au ukali wa pilipili, kwahiyo kwa pilipili sema "spicy": "Do you like spicy food?" Giligilani kwake ni "coriander", bilinganya ni "aubergine". Angekuwa mmarekani ningekupa "cilantro" na "eggplant", usichanganye. Chipsi zetu kwake ni "chips" vilevile, hapo umepona.

Mbuzi sasa. Kama mtachinja nyumbani, na najua mtachinja, mpe taarifa jioni yake: "We're slaughtering a goat tomorrow morning. You don't have to watch." Hiyo sentensi ya pili ndo yenye uzito, wengi wao nyama wanaijua ikiwa imeshafungwa dukani, mwache achague mwenyewe. Nyama choma kwa mwingereza ieleze kama "we grill it over charcoal", na mbuzi mzima wa ndafu ni "a whole roast goat". Utumbo ni "tripe", maini ni "liver", figo ni "kidneys". Pale nyama inapogawanywa na kila kiungo kina mwenyewe, wengine kwa wazee, wengine kwa wajomba, usimwache amekodoa macho, mweleze "Each part goes to a different person in the family", utaona anavyopenda, atakuuliza maswali mpaka jioni. Kisusio mwambie kabla hajaonja, sio baada: "It's made with goat's blood, so only try it if you'd like to." Na mbege ni "a beer we make from bananas and finger millet", atakubali tu.

Tuje mezani, ambako tafsiri ya neno kwa neno inaharibu sana. "Karibu chakula" usiseme "welcome food", sema "Come and eat with us" au akishakaa "Help yourself", yaani jipakulie bila kuona aibu. Mnaombea chakula kwanza, "Let's say grace", hiyo ndo kuombea chakula, "grace". Kumnawisha na jagi, "Hold out your hands, I'll pour". Chakula kitamu usiite "sweet", sweet ni sukari tu, nyama yenu ataisifia kwa "delicious" au "lovely". Umeshiba ni "I'm full", usiseme "I am satisfied". Atakaposema "I'm stuffed" naye ameshiba, ila hiyo ya kishikaji, usiitumie kwa wazazi wake siku utakapowatembelea.

Hapo kwenye kukataa na kukubali tega sikio vizuri. Mama atataka kumuongezea, ndo mama zetu walivyo, na atakuambia "muulize mbona hajala". Usitafsiri hivyo! "Why haven't you eaten?" inasikika kama anahojiwa. Sema "Mum's asking if you'd like a bit more". Akijibu "I'm fine, thanks" hataki, ingawa wewe utasikia kama amesema yuko salama. Akijibu "I'd love some" anataka. Akisema "Oh, go on then" anataka pia, hii wanaipenda kweli, yaani haya bwana niongezee. Akisema "I couldn't eat another thing" mwambie mama aache, amekula vizuri.

"Pole" haina mwenzake. Umekuta mtu anatoka jasho kwenye moto tunasema pole, ukisema "sorry" atakuuliza kwa nini unaomba msamaha, umefanya nini. Badala yake mshukuru, "You've worked so hard, thank you", ndo inafika palepale pole inapofika. Na yeye akisema "thank you" ndo mahali pa "you're welcome", hiyo ndo kazi yake, sio kumkaribisha mtu mlangoni. Mlangoni ni "Come in, come in".

Atawahadithia ya kwao pia, na ukijua vitu vitatu vinne mtaongea. Krismasi kwao wanakula mlo mkubwa mchana wa tarehe 25, wenyewe wanauita "Christmas dinner", kuna bata mzinga wa kuokwa, viazi vya kuokwa, vile vikabeji vidogo kama ndimu vinaitwa "sprouts", na vitu vinaitwa "pigs in blankets" ambavyo ni soseji ndogo zimezungushiwa bekoni. "Mince pies" usiogope jina, siku hizi ndani hamna nyama, ni matunda makavu na viungo. Na akikuuliza "What's for pudding?" anaulizia chakula cha utamu baada ya mlo, hata kikiwa tunda. Wewe muulize "What do you usually eat at Christmas?" alafu mwache aongee, utapumzika kidogo na ukalimani.

Matamshi sitakuchosha nayo ila haya matatu yafanyie kazi. "Kitchen" na "chicken" watu wengi wanazigeuza, jiko linaanza na k. "Oven" inatamkwa kama avn, na "onion" nayo inaanza na a. Na "heat" ivute, hiit, kwa sababu ukiikata fupi inakuwa "hit", na "hit the milk" ni piga maziwa.

Baada ya kula vyombo ni "the washing-up", ataomba afanye, mwachie: "I'll wash, you dry", mmoja anaosha mwingine anafuta, na hapo mkiwa wawili tu ndo mtafahamiana kweli kuliko mezani kwenye kundi la watu. Tarehe 26 kwao ni Boxing Day kama kwetu na kazi kubwa ni kiporo, "Let's heat up the leftovers", kupasha ni "heat up" au "warm up".

Kujifunza kwenyewe usifungue daftari. Kuanzia leo jioni ukiwa unapika ongea kwa sauti kila unachofanya, "I'm peeling the potatoes, I'm putting the water on, it's not done yet", hata kama watoto watakucheka waache wacheke, wakizoea watakujibu na utakuwa umepata wa kufanya naye mazoezi. Mama naye mpe sentensi mbili tu, "Come and sit here" na "Have some more", usimwandikie karatasini maana atazisoma kwa herufi za Kiswahili, mwambie kwa mdomo naye arudie, mkiwa mnachambua mchele hivi, mpaka zimkae. Na jina la wifi alijue kulitamka sawasawa kabla hajafika, mpigieni kaka simu alitaje polepole mama akiwa anasikiliza.